Kuyeyusha, Kutawanya, Kulowesha: Kueleza kwa Kiswahili Mbinu za Kutengeneza Liposomu kutokana na Fosfolipidi Asilia

Ikisiri

Liposomu ni vifuko vidogo mno vya mafuta vinavyobeba dawa ndani ya maji. Makala hii inaeleza mbinu kuu za kuvitengeneza kutokana na fosfolipidi za kiini cha yai na za soya, ikichukua mfano wa amfoterisini B ya liposomu, dawa inayotumiwa Kampala kutibu homa ya uti wa mgongo isababishwayo na kuvu. Inahojiwa kwamba tabia ya dawa ya aina hii hutokana na hatua za utengenezaji kwa kiwango kile kile inachotokana na viambato vyake. Inahojiwa pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuzitaja hatua hizo bila utata endapo istilahi zitajengwa kwa kuanzia na vitenzi. Makala inapendekeza istilahi nane na kuonyesha namna usahihi wake unavyohusu usalama wa mgonjwa, maelekezo ya vifungashio na maamuzi ya watunga sera katika Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: liposomu, fosfolipidi, istilahi, amfoterisini B, Kampala

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kitabibu lililojulikana kwa jina la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda. Kwa upande wa Uganda, wagonjwa waliandikishwa Kampala na Mbarara. Uchanganuzi mkuu uliwahusu watu wazima 814 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakiugua homa ya uti wa mgongo isababishwayo na kuvu ya kriptokokasi. Nusu yao walipewa dozi moja tu ya amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Nusu ya pili walipewa amfoterisini B ya kawaida, miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa siku saba, pamoja na flusitosini, kisha flukonazoli kwa siku saba nyingine. Baada ya wiki 10, waliokuwa wamefariki katika kundi la dozi moja walikuwa asilimia 24.8, na katika kundi la pili asilimia 28.7. Waliopata madhara makali walikuwa asilimia 50.0 dhidi ya asilimia 62.3. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba ya dozi moja kuwa chaguo la kwanza.

Molekuli iliyoua kuvu katika makundi yote mawili ni ile ile. Kilichotofautiana ni chombo kilichoibeba. Amfoterisini B ya kawaida hutayarishwa kwa msaada wa deoksikoleti, ambayo ni chumvi ya nyongo. Ile ya pili imefungwa katika liposomu. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha daktari kutoa miligramu 10 kwa kilo kwa siku moja. Dozi ya kila siku ya amfoterisini B ya kawaida haipaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa kilo, na kuizidisha kunaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo neno liposomu katika jina la dawa hii si pambo la kibiashara. Anayeliacha katika cheti cha daktari, katika daftari la stoo au katika tafsiri, ameziweka dawa mbili zenye dozi tofauti chini ya jina moja.

Hapo ndipo suala la kemia linapokuwa suala la lugha. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mijadala mingi iliyofuata imehusu walimu na vitabu. Makala hii inauliza swali finyu zaidi: je, mtafiti wa Kampala anaweza kumweleza mshauri wa wizara, kwa Kiswahili na bila kupoteza hatua hata moja, jinsi dawa hii inavyotengenezwa na kwa nini utengenezaji wake una maana? Jibu linalotolewa hapa ni ndiyo, kwa sharti moja. Istilahi zianze na kitenzi, yaani tendo linalofanyika maabara, kisha nomino ifuate.

2.0 Malighafi: fosfolipidi na asili yake

Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Zinapowekwa katika maji, molekuli hizi hujipanga zenyewe katika tabaka mbili: mikia ikitazamana ndani, vichwa vikielekea maji ya pande zote mbili. Tabaka hizo zinapojikunja na kufunga, hupatikana kifuko chenye maji ndani yake. Hicho ndicho liposomu. Dawa inayopenda maji hukaa katika uwazi wa ndani. Dawa inayopenda mafuta, kama amfoterisini B, hukaa katikati ya ukuta wenyewe. Liposomu za dawa tunayoizungumzia zina kipenyo kisichofikia nanomita 100, kiasi kwamba mia kadhaa zingeweza kupangwa katika upana wa unywele mmoja.

Aliyezitambua liposomu ni Alec Bangham na wenzake, katika taasisi ya utafiti ya Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1964 na 1965. Malighafi yenyewe ilikuwa imejulikana zaidi ya karne moja kabla yake. Mfamasia Mfaransa, Théodore Gobley, aliitenga kutoka katika kiini cha yai katika miaka ya 1840 na baadaye kuipa jina la lesithini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiini cha yai. Hadi leo, vyanzo vikuu vya fosfolipidi asilia ni viwili: kiini cha yai na soya.

Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa kiini cha yai ni fosfolipidi. Ili kuzitenga, kiini huoshwa kwa asetoni, ambayo huondoa mafuta ya kawaida na kuziacha fosfolipidi, kwa kuwa haziyeyuki ndani yake. Baadaye ethanoli hutumika kuzitoa. Kwa upande wa soya, mafuta ghafi yaliyokamuliwa huwa na fosfolipidi kati ya asilimia 1 na 3. Mafuta hayo hupashwa moto na kuongezwa maji kidogo. Fosfolipidi hunywa maji, hufura na kuwa utomvu mzito unaotengwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi. Utomvu huo ukikaushwa ndio lesithini ya soya tunayoiona katika orodha ya viambato vya chokoleti na maziwa ya unga. Ili ifae kwa dawa ya kudungwa mshipani, ni lazima isafishwe tena kwa asetoni na ethanoli, kisha ipitishwe katika nguzo ya alumina au silika, mpaka ibaki fosfatidilikolini iliyo safi.

Neno asilia linahitaji tahadhari. Fosfatidilikolini ya soya ina mikia yenye viungo viwiliviwili, na mikia hiyo huoza kwa oksijeni kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi. Pia ukuta unaojengwa nayo ni laini na huvuja. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa amfoterisini B ya liposomu hutumia fosfatidilikolini ya soya iliyojazwa haidrojeni, ambayo mikia yake imenyooka na kubanana. Wanaongeza kolesteroli ili kuuimarisha ukuta, fosfatidiligliseroli yenye chaji hasi ili kuishikilia dawa, na kiasi kidogo cha vitamini E ili kuzuia kuoza. Zao hili lina asili ya shambani lakini si asilia tupu. Katika nyaraka za Kiswahili yafaa kutofautisha fosfolipidi asilia, fosfolipidi asilia zilizojazwa haidrojeni na fosfolipidi za kuundwa maabara. Aina hizi tatu hutofautiana kwa bei na kwa uthabiti, na pia kwa joto linalohitajika wakati wa kazi.

Suala la joto ndilo ufunguo wa sehemu inayofuata. Kila fosfolipidi ina kiwango cha joto ambacho juu yake mikia huwa laini na chini yake hukakamaa. Kwa fosfatidilikolini ya soya isiyojazwa haidrojeni, kiwango hicho ni takriban nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi. Kwa ile iliyojazwa ni zaidi ya nyuzi 50. Ya kwanza inaweza kufanyiwa kazi katika joto la kawaida la Kampala. Ya pili ikilazimishwa kujikunja katika joto hilo haitatii.

3.0 Mbinu za utengenezaji

3.1 Ukoko mwembamba na kulowesha

Hii ndiyo mbinu kongwe, na huitwa pia mbinu ya Bangham. Fosfolipidi, kolesteroli na dawa inayopenda mafuta humumunyishwa pamoja katika klorofomu au mchanganyiko wa klorofomu na methanoli. Chupa ya duara yenye mmumunyo huo huzungushwa juu ya maji ya moto huku hewa ikipunguzwa ndani yake. Kimiminika huvukizwa, na mafuta hubaki yameganda ukutani kama ukoko wa wali chini ya sufuria, ila huu ni mwembamba mno. Chupa huachwa katika ombwe kwa saa kadhaa ili mabaki ya klorofomu yaondoke. Kisha huongezwa maji yenye chumvi au sukari maalumu, yakiwa na joto lililozidi kiwango cha kulainika kwa mikia, na chupa hutikiswa. Ukoko hunywa maji, hufura, hubanduka tabaka baada ya tabaka, na kila kipande hujikunja kuwa kifuko.

Vifuko vinavyopatikana huwa vikubwa, vyenye kuta nyingi moja ndani ya nyingine kama maganda ya kitunguu, na ukubwa usiolingana. Dawa inayopenda maji hunaswa kwa kiasi kidogo. Sehemu kubwa hubaki nje. Faida ya mbinu hii ni urahisi wake: inahitaji chupa, joto, pampu ya ombwe na subira. Kasoro yake ni kwamba eneo la ukuta wa chupa halikui sawia na ujazo wake, hivyo kinachofaulu kwa mililita 50 hakifaulu kwa lita 500.

3.2 Kupunguza ukubwa

Vifuko vikubwa hukamatwa haraka na seli za kinga. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuvipunguza, na njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni kuvitetemesha kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Ni ya haraka, lakini huleta joto kali, na ncha ya chombo inaweza kumwaga chembechembe za titani katika dawa. Ya pili ni kuvipenyeza kwa nguvu katika kichujio cha polikaboneti chenye matundu yaliyopimwa, kwa kawaida nanomita 400, kisha 200, kisha 100. Njia hii hutoa ukubwa unaolingana zaidi. Ya tatu ni kuvisukuma kwa shinikizo kubwa kupitia mwanya mwembamba, na ndiyo inayofaa kiwandani.

3.3 Kutiririsha ethanoli

Mwaka 1973 Batzri na Korn walieleza njia isiyotumia klorofomu. Fosfolipidi humumunyishwa katika ethanoli, kisha mmumunyo huo hutiririshwa kwa sindano nyembamba ndani ya maji yanayokorogwa. Ethanoli inapochanganyika na maji, fosfolipidi hupoteza makazi yake na kujikunja papo hapo kuwa vifuko vidogo. Usalama wake ni hoja nzito: kanuni za kimataifa za mabaki ya viyeyusho katika dawa huruhusu klorofomu isiyozidi sehemu 60 katika milioni, ilhali ethanoli huruhusiwa hadi sehemu 5,000. Kasoro ni kwamba zao huwa jepesi na ethanoli ni lazima iondolewe. Teknolojia ya kuchanganya vimiminika katika mifereji midogo kuliko unywele imeiendeleza kanuni hii hii, nayo ni jamaa wa karibu wa ile iliyotumika kutengeneza chembe za mafuta za chanjo za mRNA za UVIKO-19.

3.4 Uvukizaji wa awamu iliyogeuzwa na uondoaji wa sabuni

Mwaka 1978 Szoka na Papahadjopoulos walionyesha kwamba matone madogo ya maji yakisambazwa ndani ya etha yenye fosfolipidi, kisha etha ikavukizwa polepole, mchanganyiko hugeuka kuwa rojo na baadaye liposomu kubwa zenye ukuta mmoja. Katika maji yenye chumvi kidogo, hadi asilimia 65 ya dawa iliyomo majini inaweza kunaswa, kiwango kinachoizidi sana mbinu ya ukoko. Njia nyingine hutumia sabuni kama chumvi za nyongo kuzishikilia fosfolipidi majini, kisha sabuni hiyo huchujwa polepole kupitia kiwambo hadi fosfolipidi zilazimike kujifunga zenyewe. Ni njia ya upole inayofaa protini, lakini ni ya polepole.

3.5 Kukausha kwa kugandisha

Liposomu zilizomo majini hazidumu. Hivyo huongezwa sukari kama sukrosi, hugandishwa, na barafu huondolewa katika ombwe bila kupitia hali ya kimiminika. Sukari hukaa katikati ya kuta na kuzizuia zisishikamane. Unga unaobaki ndio unaofika Kampala katika vichupa vya miligramu 50.

Amfoterisini B ya liposomu hupitia msururu unaounganisha hatua kadhaa kati ya hizi: viambato humumunyishwa pamoja, kimiminika huondolewa, mabaki makavu huloweshwa kwa maji ya sukari yenye joto la juu, vifuko hupunguzwa kwa shinikizo kubwa, huchujwa ili kuondoa vijidudu, kisha hukaushwa kwa kugandishwa. Utafiti uliolinganisha michanganyiko yenye viambato vile vile iliyopitia joto na muda tofauti wa utengenezaji umeonyesha kwamba sumu yake kwa wanyama wa maabara hutofautiana. Sababu yake inaeleweka. Amfoterisini B hunasa ergosteroli ya kuvu, lakini hunasa pia kolesteroli ya seli za binadamu, na figo ndizo huumia kwanza. Ukuta uliofungwa sawasawa huishikilia dawa hadi ikutane na kuvu. Ukuta uliofungwa ovyo huiachia njiani.

4.0 Tatizo la maneno mawili: utando na kuyeyusha

Mtu anayejaribu kuyaandika maelezo yaliyotangulia kwa Kiswahili hukutana mapema na maneno mawili yaliyobebeshwa mzigo mkubwa mno.

La kwanza ni utando. Kwa mazoea ya sasa, neno hili laweza kumaanisha mafuta yaliyoganda katika chupa, ukuta wa liposomu, ukuta wa seli ya kuvu, kichujio cha polikaboneti, na hata ngozi inayofunika ubongo ambayo ndiyo huugua katika homa ya uti wa mgongo. Sentensi isemayo kwamba utando ulipenyezwa katika utando ni sahihi kisarufi na haina faida kwa msomaji. Pendekezo la makala hii ni kuliachia neno utando ukuta wa seli na wa liposomu peke yake, kuita ukoko mafuta yaliyokauka chupani, na kuita kichujio kifaa chenye matundu. Ukoko ni neno la jikoni, lakini linataja kile hasa kinachoonekana: tabaka kavu lililong'ang'ania chombo, linalobanduka likiloweshwa.

La pili ni kuyeyusha, na hili ndilo la hatari. Samli huyeyuka juani. Sukari huyeyuka katika chai. Na unga wa dawa, kwa lugha ya kila siku ya wodini, huyeyushwa kwa maji. Matendo haya ni matatu tofauti. Katika tendo la kwanza, joto hugeuza kigumu kuwa kimiminika. Katika la pili, molekuli moja moja husambaa katika maji hadi hakuna chembe inayobaki. Vitabu vya kemia vya shule huita zao hilo myeyusho au mmumunyo. Katika la tatu, chembe hubaki chembe, ila zimetengana na kuelea. Liposomu haziyeyuki katika maji. Zingeyeyuka, zisingekuwa liposomu tena. Hutawanyika.

Tofauti hii yaweza kusemwa kwa sentensi moja: wakati wa kulowesha ukoko, mikia ya fosfolipidi imeyeyuka kwa joto, sukari imemumunyika katika maji, na vifuko vimetawanyika. Vitenzi vitatu, hali tatu, na kila kimoja ni cha Kiswahili tangu hapo. Hapakuhitajika kukopa. Kilichohitajika ni kuacha kukitumia kimoja badala ya vingine.

Mfano wa tatu unahusu jina la mbinu ya ethanoli. Tafsiri iliyo rahisi kumjia mtu ni kudunga ethanoli. Lakini katika lugha ya afya, anayedungwa ni mgonjwa. Mwanafunzi wa famasia anayesoma kwamba dawa imetengenezwa kwa mbinu ya kudunga ethanoli anaweza kuelewa kwamba mgonjwa atadungwa ethanoli. Kutiririsha kunaondoa shaka hiyo. Istilahi zinazopendekezwa zimekusanywa katika jedwali lifuatalo.

Jedwali la 1: Istilahi zinazopendekezwa

Kumumunyisha: kusambaza dutu katika kimiminika hadi isibaki chembe.
Kuyeyusha: kugeuza kigumu kuwa kimiminika kwa joto peke yake.
Kutawanya: kutenganisha chembe katika kimiminika huku zikibaki chembe.
Ukoko: tabaka kavu la mafuta lililobaki ukutani mwa chupa baada ya kimiminika kuvukizwa.
Kulowesha: kuupa ukoko au unga maji ili tabaka zifure na kujikunja.
Kupenyeza: kusukuma liposomu katika kichujio chenye matundu yaliyopimwa ili kuzipunguza.
Kutiririsha: kuingiza mmumunyo wa fosfolipidi katika maji kwa mkondo mwembamba.
Kukausha kwa kugandisha: kuondoa maji yaliyoganda katika ombwe bila kuyarudisha katika hali ya kimiminika.

5.0 Kutoka maabara hadi wodini

Huenda ikaonekana kwamba tofauti hizi ni za wanaisimu. Maelekezo ya kuandaa dawa hii kitandani pa mgonjwa yanaonyesha vinginevyo. Kichupa cha miligramu 50 huongezwa mililita 12 za maji safi ya sindano, kisha hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde zisizopungua 30. Muuguzi aliyeambiwa ayeyushe unga ana haki ya kutikisa kidogo na kungoja, kama afanyavyo kwa viuavijasumu vingi. Aliyeambiwa atawanye anajua kwamba nguvu ya mkono wake ni sehemu ya tendo lenyewe. Anajua pia kwamba kimiminika hakitakuwa angavu kama maji, kwa sababu chembe zimo. Atakachokagua ni kama kuna madonge.

Kinachofuata ni uamuzi ambao katika wodi yenye shughuli nyingi huchukua sekunde moja tu: dawa itiwe katika maji gani ya dripu? Jibu ni maji ya dekstrosi. Maji ya chumvi hayaruhusiwi, hata kusafishia mrija uliotumika, kwa kuwa chumvi huzifanya chembe zishikamane na kutuama. Dawa inapovutwa kutoka kichupani hupitishwa katika kichujio cha mikromita 5 kinachokuja nayo, na kichujio chenye matundu madogo kuliko mikromita 1 hakifai kuwekwa katika mrija wa dripu. Maagizo haya yote matatu yanaweza kukaririwa bila kueleweka. Lakini anayejua kwamba ameshika mtawanyiko wa vifuko, wala si mmumunyo, anaweza kuyabaini mwenyewe: chembe hushikamana, chembe huziba, chembe huhitaji kutikiswa.

Wasimamizi wa dawa wa Ulaya wameliona jambo hili. Wamewataka watengenezaji waongeze neno la liposomu katika majina ya dawa za aina hii ili zisichanganywe na zile za kawaida, na kwa amfoterisini B ya liposomu neno la mmumunyo limeachia nafasi neno la mtawanyiko. Lugha zao zililazimika kurekebishwa baada ya dawa kuingia sokoni. Kiswahili kina nafasi ya kuanza sawa.

6.0 Maana yake kwa watunga sera

Kampala haiongei Kiswahili peke yake. Katika wodi zake Luganda husikika kwanza. Hoja ya kuwa na istilahi za Kiswahili si kuiondoa Luganda kitandani pa mgonjwa. Ni kwamba dawa, wataalamu na wagonjwa wa ukanda huu huvuka mipaka. Hospitali ya Amudat, katika Karamoja, hupokea wagonjwa wa kalaazari wa jamii ya Wapokot kutoka pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, na amfoterisini B ya liposomu ni mojawapo ya tiba za ugonjwa huo. Lugha iliyo ya pamoja kwa Moroto, Kitale na Arusha haina budi kuwa na maneno ya kazi hiyo.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, mamlaka za dawa za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwamo Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, zitake kwamba maandishi yoyote ya Kiswahili kwenye dawa za liposomu yataje neno liposomu ndani ya jina la dawa na yatumie kitenzi kutawanya. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ziwashirikishe wafamasia na wauguzi kabla istilahi hazijasanifiwa. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni msingi mzuri, lakini teknolojia ya dawa imesonga mbele sana tangu wakati huo.

Tatu, wanunuzi wa serikali waulize juu ya mbinu wanapoletewa dawa mbadala. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati zinazotibu homa hii ya uti wa mgongo. Mgonjwa wa kilo 50 huhitaji miligramu 500, yaani vichupa 10, ambavyo kwa bei hiyo ni dola 162.50. Ni fedha nyingi, na ushindani wa watengenezaji wengine unahitajika. Hata hivyo, orodha ya viambato inayofanana haithibitishi kwamba dawa zinafanana. Fomu ya zabuni inayouliza kiambato tu imeacha nusu ya swali.

Nne, mjadala wa utengenezaji wa ndani uwe wa hatua kwa hatua. Kiwanda cha dawa cha Luzira, Kampala, kimeonyesha kwamba vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI na vya malaria vinaweza kutengenezwa hapa kwa viwango vya kimataifa. Liposomu za kudungwa ni kazi nyingine: zinadai vyumba visivyo na vijidudu, mashine za shinikizo kubwa, na vipimo vya ukubwa wa chembe kwa mwanga wa leza. Lakini mwanzo wa mnyororo upo. Soya hulimwa katika eneo la Lango, Chuo Kikuu cha Makerere kimezalisha mbegu za Maksoy, na mafuta hukamuliwa nchini. Kutenga na kusafisha lesithini ni somo ambalo maabara ya chuo inaweza kulifundisha, na mbinu ya ukoko na ile ya ethanoli ni mazoezi yanayoweza kufanyika kwa vifaa vya kawaida. Mwanafunzi aliyeyafanya ataweza kulisoma jalada la maombi ya usajili wa dawa na kujua swali la kuuliza.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefuata safari ya fosfolipidi kutoka kiini cha yai na punje ya soya hadi kichupa kinachofunguliwa katika wodi ya Kampala. Katika kila kituo, tendo lililofanywa liliamua tabia ya zao, na kitenzi kilichochaguliwa kiliamua kama msomaji atalielewa tendo hilo. Imeonekana pia kwamba upungufu haukuwa wa msamiati. Kumumunyisha, kutawanya, kulowesha, kupenyeza na kutiririsha ni maneno tuliyokuwa nayo. Yalikuwa yanasubiri kupangiwa kazi. Majina kama liposomu na fosfolipidi yatakopwa na kuandikwa kwa sauti zetu, na hakuna hasara katika hilo. Lakini maelekezo humfikia muuguzi kwa vitenzi, na ni kwa vitenzi atakavyoamua kama atikise kwa nguvu au aache, na kama achukue mfuko wa dekstrosi au wa maji ya chumvi. Istilahi zinazopendekezwa hapa zijaribiwe kwanza na wale watakaozitumia, na zile zitakazokwama mikononi mwao zirekebishwe kabla hazijaingia katika kamusi.